Kuku Weupe wa Vuhovi

Miaka michache baada ya uhuru, waasi walipokaribia, mzungu mwenye shamba la kahawa pale Vuhovi aliondoka. Alimwachia mama, aliyekuwa mtunza kuku wake, ufunguo wa banda na kuku weupe arobaini. Tangu walipokuwa vifaranga, kuku wale waliishi ndani ya waya. Walikula unga ulioletwa kwa magunia kutoka mbali, wakataga, basi. Hawakuwahi kukanyaga udongo.

Barabara ikafungwa, lori la unga halikuja tena. Agronome, yaani bwana shamba wa serikali, mtu wa Kasai aliyetumwa kwetu, akaja kutazama. Yakiwa yamebaki magunia mawili tu, akatikisa kichwa.

"Mama, chinja zote hii juma, uuzishe nyama Butembo. Kuku ya kizungu hapana ya kutembea inje. Itakufa."

"Iko na miguu, monsieur," mama akajibu.

"Miguu, ndiyo. Lakini haina akili."

"Akili tutaifundisha."

Kesho yake asubuhi mama akafungua mlango wa banda. Hakutoka hata mmoja. Tulingoja mpaka umande ukakauka. Mwishowe mama akaingia, akawabeba wawili wawili, akawaweka majanini. Wakasimama pale wakiinua mguu huu, kisha ule, kana kwamba nyasi zinaunguza. Nikacheka.

"Hapana kucheka. Leta jembe."

Tukavunja kichuguu nyuma ya mibuni. Mchwa wakamwagika, na kuku weupe wakawatazama tu, kama asiyejua kusoma anavyotazama barua. Mama akamleta mtetea mwekundu wa nyanya yangu, kuku wa kijijini. Yule hakungoja kukaribishwa. Aliwadonoa mchwa mbiombio, na baada ya muda mrefu mweupe mmoja naye akainamisha shingo, akajaribu.

Juma la kwanza mwewe alichukua watatu mbele ya macho yangu, maana hawakujua kuogopa mbingu. Mvua ya baridi ikaua wengine. Mwezi ulipoisha walibaki kumi na tisa, nami nililia.

"Mama, tuchinje basi. Agronome alisema kweli."

"Alisema zitakufa zote. Kumi na tisa ni zote?"

Nikachukua jembe.

Kisha waasi wakaingia Butembo, nasi tukakimbilia mlimani kwa ndugu za mama. Watu walibeba magodoro na sufuria. Sisi tulibeba vikapu vya kuku, na njia nzima tulichekwa. Huko juu hapakuwa na unga hata wa kula sisi watu. Tulikula ndizi na majani ya maboga, kuku wakajitafutia wenyewe.

Mchana mmoja tulikuwa tunapalilia maharagwe. Ghafla kuku wote, weupe kwa mwekundu, wakakimbilia chini ya migomba. Nikainua macho: mwewe alikuwa ndiyo kwanza anatokea juu ya mlima. Mama akaangusha jembe, akapiga makofi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu tuhame sikuwa nimemwona akicheka.

Tulirudi Vuhovi na kuku kumi na wanne, na vifaranga wa madoadoa, kwa maana majogoo wa mlimani hawakuwa wamelala.

Nilipoolewa Beni, nilibeba jogoo mmoja na mitetea wawili ya uzao ule. Nilipowafungulia kikapu uani kwa mama mkwe, walianza kuchakura kabla sijavua viatu.