Majivu ya Jiko la Bibi

Nilipokuwa mtoto pale Bugarama, viatu vilikuwa vinaota juu ya mti. Kila mwaka, siku ya mtakatifu somo wa parokia, vijana walimenya mkaratusi mrefu, wakaupaka mafuta ya ng'ombe, wakausimika uwanjani na zawadi kileleni. Mwaka ule zawadi ilikuwa raba nyeupe. Mimi shule nilikuwa naenda pekupeku.

Wajanja walijua dawa ya utelezi ni majivu. Asubuhi nikapiga magoti jikoni kwa Bibi, aliyenilea, nikaanza kuchota katikati ya mafiga.

"Wewe, rudisha hayo! Majivu ya jiko la kwenu hayapandishwi juu. Yakishapaa, jiko linakusahau. Utazunguka dunia usipate pa kukaa."

"Nitarudi na viatu, Bibi."

"Viatu ni vya kuondokea, mjukuu wangu."

Nikaondoka na majivu, mifuko yote miwili.

Katekista alishika kipaza sauti, na siku hiyo huruma aliiacha kanisani. "Huyu anapanda au anadeki nguzo kwa tumbo? Wazazi, leteni sabuni!" Watu hoi kwa kicheko. Nikateleza, nikajipaka majivu, nikateleza tena, kaptula nusura ibaki chini. Lakini nilifika. Kule juu niliona hadi vilima vya Burundi, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi nyumba yetu ilivyo ndogo.

Raba zilikuwa kubwa mno. Bibi alizijaza vitambaa mbele. "Utakua zikutoshe," akasema, wala hakucheka. Laiti angecheka.

Nilikua kweli. Mwanza, Lubumbashi, Maputo, Muscat: kila mji nimepanda kidogo, nimeteleza, nimewachekesha wenyeji, nimehama. Habari ya msiba ilinikuta Muscat. Nilipofika, kaburi la Bibi lilikuwa limeshaota majani.

Siamini kwamba majivu yanaweza kumfukuza mtu kwao. Nadhani kilichoniondoa ni kule kuiona nyumba yetu ndogo. Hata hivyo, mwaka huu nilirudi nikakaa mlangoni mwa jiko lake, ambamo siku hizi wanalaza mbuzi. Mafiga yapo, ya baridi. Nikavua viatu vyangu vya ngozi, nikapapasa katikati ya mafiga. Udongo mtupu.

Binti wa nyumba ya pili akapita na ndoo kichwani, akapiga goti kwa adabu.

"Shikamoo, mgeni."



"Marahaba," nikaitika. Hapakuwa na la kumsahihisha.