Picha na Gari Jeusi

Leo nimeingia duka la viatu pale barabara ya Chaussée d'Ixelles, harufu ya ngozi mpya ikanijaa puani. Nikajikuta mtoto tena, kwenye kiti cha ngozi cha lile gari la Kimarekani, jeusi, refu kuliko chumba chetu cha Berchem. Jirani Mzungu alituruhusu tupige nalo picha, hata injini akaiwasha. Silinda nane, lakini haikunguruma. Ilinitetemesha mapaja tu, kama paka aliyeshiba.

Papa aliegemea mlango. "Cheka, maman," akaniambia mimi bintiye. "Kule Lubumbashi batatuangaria."

Watu wetu wote huku ugenini walituma nyumbani picha za namna hiyo. Hakuna aliyeandika gari ni la nani.

Barua ya mdogo wa Papa ikaja, ikianza kwa kumwita kaka: "Yaya, mama iko mugonjwa sana, docteur anasema opération. Bon, uzisha ile motokari."

Papa aliisoma amesimama. Akanishika mkono, tukashuka barabarani. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo, kama anayepima homa.

Jirani akatoka na funguo. "Encore une photo?" akauliza, kama tunataka picha nyingine.

Mimi nikacheka, kama nilivyofundishwa.