Dakika Ishirini na Sita za Wodi ya Kina Mama

Mimi, fundi wa kompyuta hospitalini, nina hasira za karibu, hasa mtu akizisingizia kompyuta zangu. Kwa hiyo muuguzi mmoja, mama mtu mzima wa kijiji cha Mbaha, aliponifuata ofisini akisema kompyuta imemwonea, nilimwamkia shikamoo kwa mdomo tu. Moyoni nilishamhukumu.

Kumbukumbu zilionyesha alimchoma mgonjwa sindano saa tano na dakika thelathini na saba, wakati daktari aliiandika dawa hiyo saa tano na dakika hamsini. Yaani alichoma kabla ya kuandikiwa. Saa nane mchana ule alitakiwa mbele ya kamati ya nidhamu, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu.

"Mwanangu, jana nilifika na sindano, kengele ya sala ya Malaika wa Bwana ikalia. Mgonjwa akaanza kusali. Nikamsubiri amalize, ndipo nikamchoma. Sasa hiyo saa tano inatoka wapi?"

Mimi ni Mwislamu niliyepangiwa kazi Mbinga kutoka Tanga. Kengele ile ya Kanisa Katoliki niliisikia kila siku bila kuitilia maanani, nikamwuliza huwa inalia saa ngapi. Alinikodolea macho. "Saa sita kamili, mwanangu. Hata watoto wanajua."

Niliona aibu, nikaifungua seva, kompyuta mama ya hospitali. Ni moja, ila ndani yake zimo kompyuta pepe mbili, yaani za programu tupu, ya madaktari na ya wodi, kila moja na saa yake. Niliziweka saa hizo kwenye kioo kimoja. Ya wodi ilikuwa nyuma dakika ishirini na sita.

Kosa lilikuwa langu. Umeme ukikatika, betri haizibebi zote mbili, hivyo mimi mwenyewe niliwafundisha wenzangu kuilaza ya wodi na kuiamsha umeme ukirudi. Ikiamka, inaendelea kuhesabu pale ilipolalia. Programu ya kusahihisha saa ilikuwemo, lakini ilipokuta pengo kubwa namna ile ilijizima kimya kimya, na sikuwahi kuikagua. Jana yake asubuhi umeme ulikuwa umekatika.

Nilikipiga picha kioo kama ushahidi, kisha nikaipanga upya kompyuta ya wodi: kila ikiamka isome kwanza saa ya seva na kuruka hapo hapo hadi wakati wa kweli. Nikailaza na kuiamsha mara tatu. Saa zikalingana hadi sekunde.

Mbele ya kamati nilisema yote, pamoja na nani aliyefundisha kuilaza. Nilikaripiwa, na ilikuwa haki yangu. Muuguzi akaambiwa arudi kazini.

Nje, nilikuwa na furaha ya kupita kiasi, nikicheka peke yangu. Yeye hakucheka. Alitoa karatasi mfukoni mwa sare yake akanipa niisome. Ilikuwa barua ya kukiri kosa, tayari imesainiwa.

"Nilishaamini ni mimi niliyekosea," alisema.