Bomba Linalofuata Jua

Wenzake kwenye maabara ya fizikia walimwita Mama Jua, kwa kuwa kila alfajiri ndiye aliyeligeuza bomba refu la sumaku lielekee jua, hata mawingu yakitanda. Siku moja alimleta mama yake aone.

Bi mkubwa akalizunguka. “Mbona halina dirisha?”

“Chembe tunazozitafuta zinatoka juani na kupenya ukuta, mama; sumaku hii ndiyo mtego wake. Huenda za aina hiyo ndizo maada ya giza, ile iliyojaa ulimwenguni na haionekani.”

“Mmeshanasa ngapi?”

“Hata moja. Miaka yote hii.”

Bi mkubwa akaguna. Kisha akavua mtandio wake, akaanza kulifuta bomba vumbi, taratibu.

“Basi likae safi, mwanangu. Mgeni hana saa.”

Mama Jua akacheka mpaka machozi, akashika upande wa pili, wakafuta pamoja.