Siku Mama Alipoipunguzia Kompyuta Mzigo

Kompyuta yetu ilinukia sabuni. Ilikaa imeviringishwa ndani ya kitenge cha Mama, katika mkoba mweusi uliotundikwa nyuma ya mlango, pamoja na vipande vya sabuni, vyeti vyetu vya ubatizo, sweta na kopo la chumvi. Ule ulikuwa mkoba wa kukimbia nao vita vikikaribia. Kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa na wake, na nilipokuwa mdogo nilidhani nyumba hujengwa hivyo: kuta za mbao, paa la bati, mawe meusi ya volkano chini, na mkoba nyuma ya mlango. Jumapili tulipotoka kanisani, dada yangu mkubwa, Furaha, aliifungua kompyuta juu ya meza, na kabla kioo hakijawaka ile harufu ilitangulia, safi, yenye ubaridi kidogo. Mpaka leo nikinawa uso asubuhi kwa sabuni ya kipande, nasikia kama kuna mtu anakaribia kuita ng'ombe.

Mtu huyo ni baba yake Mama. Tulimwita Sogokuru, ndivyo watu wa kwetu wanavyomwita babu. Alikuwa mfugaji wa milima ya Masisi, kule ambako, alisema, majani ni laini hata mgeni akilala hasumbuki kuuliza mkeka. Vita vilimleta Goma bila ng'ombe hata mmoja. Jioni, saa ambayo angekuwa anawarudisha zizini, alitoka uani, akasimama juu ya mawe, akaegemea fimbo yake na kuanza kuwaita kwa majina: Bihogo, Gaju, Kirezi. Hakupaza sauti. Aliita polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto aache kulia. Ng'ombe akiitwa huitika, alitueleza, na kwa kuwa wake hawakuwepo, kazi ya kuitika alitugawia sisi. Furaha alikuwa Bihogo. Mama, huku akichambua maharage, alikuwa Gaju. Mimi nilikuwa Kirezi.

Furaha aliitika mara moja, kwa mlio mrefu uliowafanya majirani wacheke. Mama aliitika bila kuinua kichwa. Mimi niliona haya. Wakati ule niliona haya hata mbele ya kuku. Sogokuru aliita Kirezi, akangoja, akaita tena, akangoja. Hakukasirika. Alisema hata kule Masisi Kirezi ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka kwenye majani. Jioni moja Furaha aliiweka kompyuta dirishani akamnasa sauti bila yeye kujua. Betri ikaisha kabla sijaitika, kwa hiyo wimbo wetu wa Jumapili, maana tuliusikiliza kama wimbo, siku zote uliishia Sogokuru akiningoja. Kisha alifariki, msimu wa mvua, akabaki mle ndani ya kompyuta tu.

Nilikuwa nimetimiza miaka kumi hivi, maneno ya kukimbia yaliporudi mtaani. Yalikuja kama yanavyokuja kila mara: jirani mmoja anafunga godoro, mwingine anauliza bei ya mtumbwi kule Kituku, ufukweni mwa ziwa, na jioni watu wote wanapika mapema. Mama akaushusha mkoba, akamwaga kila kitu kitandani na kuanza kupanga upya. Alikuwa na sheria moja aliyoipata njiani, alipokimbia Masisi akiwa msichana: beba kilicho chako, cha mwenzako kiache, maana hicho ndicho kitakachokuelemea. Alipofika kwenye kompyuta akakumbuka kwamba Furaha hulalamika kila siku kuwa imejaa na inaenda polepole. Akavuta kiti.

"Fungua. Tuipunguzie nayo."

Furaha akashika kipanya. Mama akawa anaonyesha kwa kidole, kama anavyoonyesha nyanya sokoni.

"Hii ni nini?"

"Sijue, Mama. Nilikuta iko mule."

"Iko yetu?"

"Hapana."

"Basi toa. Na ile?"

"Nayo sijue."

"Toa. Mutu amekuja kujaza vitu vyake kwetu, na sisi tunabeba tu."

Kompyuta iliuliza kila mara kama tuna hakika. Vingine ilikataa kabisa kuvitoa, vingine ikavikubali, na Mama akamsifu Furaha kwa mkono wake mwepesi. Mimi nilikaa kitandani katikati ya sweta, nikitazama majina marefu yasiyo na maana yakizimika moja baada ya jingine. Ilikuwa kama kutazama taa za mji mgeni kutoka juu ya mlima, mtu anapita akizizima. Tulipomaliza, Furaha aliizima na kuiwasha ili tuone jinsi ilivyokuwa nyepesi. Kioo kikabaki cheusi, na juu yake mstari mmoja wa maandishi meupe. Furaha aliusoma kwa midomo tu. Kisha akasema kwamba vile visivyo vyetu ndivyo vilivyokuwa vinaiendesha.

Mama aliizungushia kitenge taratibu, kama unavyomfunika mtu aliyelala. Mimi nilijua anawaza nini, kwa sababu nami nilikuwa nawaza hilohilo: na Sogokuru je?

Asubuhi Furaha alikuwa na mtihani. Alinivuta pembeni akaniambia: "Fundi atataka kufuta yote aanze upya. Umuambie asifute. Sauti pengine iko mule bado, lakini akifuta, basi." Nilitikisa kichwa kukubali. Kuongea na fundi, mimi.

Mama aliibeba kompyuta mgongoni, imefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga, ili wezi wasiione na mawe ya njia yasiitikise. Mwanamke mmoja muuza makaa alimpa pole kwa baridi, akauliza mtoto ana miezi mingapi. Mama akajibu, "Huyu ni muzee," akaendelea kutembea. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye bati za nyumba, na mimi nilimfuata nyuma nikiutazama ule mgongo wa pembe nne, nikisema kimoyomoyo maneno niliyotumwa, nikiyageuza kila upande.

Fundi aliitwa Papa Deo, mwanaume mnene mwenye sauti ya redio, ndani ya kibanda kilichojaa simu zilizofunuliwa na harufu ya risasi ya kulehemu inayoyeyuka. Alimtazama Mama akifungua kitenge.

"Mutoto analala au amezimia?"

"Amezimia, Papa."

Aliiwasha, akasoma ule mstari mweupe, akapiga ulimi. "Nani amekula roho ya hii mashini? Haina shida. Nafuta yote, naweka mupya, saa sita mumeshaenda. Kuko kitu ya maana ndani?"

Mama alifungua mdomo, akaufunga. Akageuka kutazama barabara. Naelewa sasa: angejibu, ingebidi aseme kwa sauti kwamba huenda amekitoa kwa kidole chake kitu cha thamani kuliko vyote alivyobeba. Papa Deo akauchukulia ukimya ule kuwa hapana. Akachomeka fleshi, vidole vyake vikaenda kwenye vitufe.

"Kuko mutu mule ndani," nikasema.

Sijui yale maneno niliyoyapanga njiani yalipotelea wapi. Yalitoka hayo. Wateja wawili wakacheka. Papa Deo naye akaanza kucheka, kisha akamwona Mama akijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaacha.

"Mutu gani, mama kidogo?" akaniuliza, kama wazee wa kwetu wanavyowaita wasichana.

"Sogokuru. Sauti yake."

Akaondoa vidole vyake kwenye vitufe. Alieleza kwamba kuna njia ndefu: kuiamsha mashini kwa akili ya kuazima, ile iliyo kwenye fleshi, bila kuigusa yake, halafu kuingia na kutafuta kama mtu anayeingia nyumba ya jirani na taa. "Tutangoja," alisema, "na umeme nao utungoje."

Ikaamka. Kioo kilikuwa cha rangi ya ziwa, bila picha yetu hata moja, kama mtu aliyezinduka asijikumbuke jina. Papa Deo alifungua mlango huu na ule. Kazi zote za shule za Furaha hazikuwepo; zilikuwa zimeondoka pamoja na vile tulivyovitoa. Kwa hizo baadaye alininunia kana kwamba nilizifuta mimi. Kisha Mama akaweka kidole kwenye kioo. Pale.

Sauti ikajaza kibanda. Bihogo, na mlio mrefu wa Furaha. Gaju, na Mama wa zamani akiitika juu ya maharage. Kirezi. Kimya. Nilisikia bati likidondosha ukungu. Kirezi, akaita tena, akangoja, na wote mle ndani wakangoja naye bila kujua wanangoja nini.

Nikaitika. Mlio mwembamba, wa ndama zaidi kuliko ng'ombe.

"Kumbe ng'ombe ndiyo huyu," alisema Papa Deo taratibu, na Mama akacheka huku analia.

Safari ile hatukukimbia. Papa Deo aliinakili sauti kwanza, kisha kompyuta ikarudi nyumbani na mfumo mpya, nyepesi kweli, lakini siku hizi haiwaki tena. Mkoba bado uko nyuma ya mlango, na Mama hakubali kitu chochote kifutwe kwenye simu yake, hata matangazo. Sauti tumeigawana kwenye simu: Furaha anayo, Mama anayo, nami ninayo. Bado nina haya. Darasani naandika majibu ambayo nashindwa kuyasema. Lakini Mama akiniita kutoka jikoni naitika mara ya kwanza. Sogokuru peke yake ndiye ninayemwacha aite mara ya pili.