Chokaa ya Mzee Reki

Wewe ungekiri kosa lako mbele ya mtu anayelisubiri kwa hamu?

Mtunza bustani wa ile hoteli ya ghorofa tatu alikiri. Wenzake walimwita Mzee Reki, kwa sababu miaka kumi na tisa reki haikumtoka mkononi. Fahari yake ilikuwa migadenia kumi na miwili ya mlangoni, vichaka vya maua meupe ambavyo harufu yake iliwafanya wageni wasahau mabegi kwenye teksi. Fahari ya pili ilikuwa mawe yaliyovizunguka. Kila Jumamosi aliyapaka chokaa mpaka yakaumiza macho.

Kisha majani yakaanza kuwa ya njano.

Meneja mpya, mwanamke ambaye viatu vyake vilisikika kabla yake, alimwita mbele ya wafanyakazi wote.

"Mzee, hii ni bustani au wodi ya homa ya manjano?"

Watu wakacheka. Kumchekea meneja ilikuwa sehemu ya kazi yao.

"Nakupa mwezi mmoja. Yasiporudi kijani, wewe na reki yako mtafute pa kwenda."

Mzee Reki alikuwa amebakiza miezi mitano tu astaafu. Akafikiri mimea ina njaa, akatia samadi. Wapi! Njano ikazidi.

"Shemeji, labda yamechoka kukuona," alisema mpishi, kaka wa mkewe.

"Nyamaza, we mla makombo."

Siku hiyo alipiga magoti, akachuma jani akaliinua juani. Mishipa ilikuwa kijani bado. Njano ilikuwa katikati yake. Tena yaliyougua ni majani machanga ya juu, si yale makongwe ya chini. Njaa ya samadi huanzia chini. Hii ilikuwa njaa ya madini ya chuma.

Akamwomba mpishi siki, akaimimina kwenye kiganja cha udongo uliochimbwa shinani. Udongo ukatoa povu kama soda iliyotikiswa.

"Chokaa," alisema.

Migadenia hupenda udongo mchachu. Chokaa huua uchachu huo, na hapo mizizi hushindwa kunyonya chuma hata kama kimejaa ardhini. Na ni nani aliyeimwaga? Kila Jumamosi, akimaliza mawe yake, alisuuza ndoo na brashi papo hapo mashinani, eti maji yasipotee. Kwa mkono wake mwenyewe, miaka nenda rudi.

Hakulala chali akalia. Alikwangua udongo wa juu akautupa, akachanganya unga wa salfa wa kurudisha uchachu, akanyunyizia majani dawa ya chuma jua lilipopoa, akamwagilia maji ya mvua. Wiki ya tatu ncha zikachipua majani mapya, kijani kibichi kilichokolea. Yale ya zamani yalibaki njano, lakini vichaka vilikuwa vimepona.

"Akikuuliza, sema ni wadudu," mpishi alimnong'oneza. "Mama yule anatafuta sababu tu. Mdogo wake anauza maua ya plastiki, na juzi nilimwona akipima pale mlangoni na futi kamba."

"Nikisema wadudu watapiga sumu, shemeji. Na atakayekuja baada yangu atasuuza ndoo palepale."

Meneja alikagua, akagusa jani changa kwa ukucha.

"Haya, yamepona. Yaliugua nini?"

Mzee Reki akavua kofia, akaeleza yote, hata siki.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi, mama. Sikujua."

"Miaka kumi na tisa hujui kazi yako?" Akamgeukia karani. "Andika: ameharibu mali ya hoteli, amekiri mwenyewe."

Karani aliandika haraka. Hakuna aliyemtetea, hata shemeji yake. Huyo alikuwa kwenye dirisha la jikoni, ameinamia vitunguu.

Asubuhi iliyofuata Mzee Reki, kazi ikiwa imekwisha, alikuja kuchukua viatu vyake vya mpira. Mlinzi alimzuia getini. "Samahani, mzee wangu, nimeambiwa usiingie." Kwa hiyo aliona kupitia nondo za geti: vichaka kumi na kimoja vilikuwa vimelala kwenye toroli, mizizi juu. Cha mwisho kiligoma kung'oka. Dereva akakifunga kamba, akaifunga kwenye bampa la pikapu, akakanyaga mafuta. Kichaka kikatoka na bonge la udongo, kikaburutwa uani kikipukutisha majani machanga, na meneja akampigia dereva makofi.