Chumvi ya Mirindi Niliyokataa Kuonja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikula chumvi mpaka nikatapika. Ilikuwa Kirotshe, kando ya ziwa, miaka ile ya vita vya Wazungu, na nilikuwa kijana mwenye kaptura moja. Jeran, yaani msimamizi wa magazini, ile nyumba ya biashara iliyotuajiri, alifungua mfuko mbele yangu, akachota kiganja kizima, akasema, "Onja." Nikaonja. "Tena." Nikaonja tena. Mara ya tano nikakimbilia nje. Alinifuata, na wala hakucheka.

"Zakaria, huku kwenu muntu anapokea kikombe kama mwenye kukitoa hajakunywa kwanza?"

"Hapana, Patron. Ataogopa sumu."

"Basi na chumvi iko vile vile. Siku utakataa kuionja, utakuwa umesema iko na sumu."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kumbe sikuelewa kitu.

Ngoja niwaeleze kazi yenyewe, maana ninyi vijana mnadhani zamani tulikuwa tunabeba mizigo tu. Magazini haikuwa na duka huko msituni. Ilikuwa na sisi. Muuzaji alifika kijijini, akatafuta mama mmoja mwenye mdomo mzuri, akamwachia makopo ya chumvi. Yule mama akatafuta wengine wawili, labda dada yake na wifi yake, nao wakatafuta wao. Safu hiyo ya wauzaji tuliiita mukia. Kila makopo kumi yaliyouzwa ndani ya mukia, kopo moja lilirudi kwa yule aliyeuanzisha. Huo njo mushahara wetu. Mukia ukiwa mrefu, unakula. Ukikatika, unarudi kulima mlima wa baba yako.

Baada ya Kirotshe nilipelekwa Mweso, chini ya Mkubwa wa Njia, msimamizi wa wauzaji wote wa upande ule. Huyu alikuwa mzee wa Kihunde, mkali, shati lake halikukosa vifungo hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kutufundisha namna ya kuishi na wauzaji wa magazini nyingine, maana tulikutana nao kila sokoni. Alituambia, "Usitukane chumvi ya mwenzako. Ukisikia watu wanaitukana, nyamaza tu. Watamaliza kazi wenyewe." Nilidhani anatufundisha adabu. Miaka yote nimekuwa nikijiuliza kama yeye mwenyewe alijua alichokuwa anatufundisha.

Kituo changu cha tatu kilikuwa Ntoto, ndani ya Walikale. Njia ya matope, ruba kwenye miguu, mvua isiyojua kupumzika. Huko nilimkuta Mirindi. Yeye aliuzia magazini nyingine, na mukia wake ulikuwa mrefu kuliko wangu mara tatu: akina mama kumi na wanne. Alikuwa amejenga pale, ameoa binti wa pale, Mama Furaha, ambaye ndiye aliyekuwa mwanzo wa mukia wake. Nilipougua homa, Mirindi alinibeba mgongoni kuvuka mto, kisha akarudi kuchukua mzigo wangu wa chumvi. Mzigo wa mshindani wake! Watu wakamcheka. Akawajibu, "Chumvi ikilowa, nani atapata faida? Samaki?"

Maneno mabaya tuliyasikia kila siku. Wauzaji ni wachawi, wauzaji wanaharibu wake za watu, wauzaji ni macho ya Wazungu. Mimi nilikuwa nakasirika. Mirindi alilamba chumvi yake, akacheka, akaendelea na njia. Nilimwonea wivu, na sioni haya kulisema leo, maana haya zangu zote zimeshaisha kwa jambo lililofuata.

Masika moja ugonjwa wa kuhara damu uliingia Ntoto. Kapita wa kijiji, yaani mkubwa aliyekuwa anajibu kwa serikali, alizika watoto wake wawili katika juma moja. Mwanaume yule alilia mpaka sauti ikakauka. Siku ya tatu ya matanga mtu mmoja akasema kwamba watoto walikula nyama iliyotiwa chumvi ya Mirindi. Ikatosha.

Tuliitwa sisi wauzaji wote barazani, kile kibanda cha wanaume katikati ya kijiji. Ilikuwa asubuhi. Mirindi alichota chumvi yake, akala, akafungua kinywa waone.

"Hiyo haituambie kitu," kapita akasema. "Mwenye kuweka sumu anakuwaga na dawa yake nyumbani."

Mirindi akazunguka, akanitazama mimi. Akaninyooshea kiganja chenye chumvi.

"Kaka Zakaria, wewe unajua hii chumvi. Onja, basi. Waone."

Nilijua, ee. Nilijua kuliko mtu yeyote barazani pale. Magazini zetu mbili zilipokea chumvi kwa meli moja, mifuko ya alama moja. Mimi mwenyewe niliipakua pale Kirotshe, yake na yangu, kwa mabega haya. Alichokishika mkononi kilikuwa chumvi yangu. Mama Furaha alikuwa amesimama nje ya kibanda, amejifunga kitambaa, ananitazama.

Na mimi nikawaza akina mama kumi na wanne wa mukia wa Mirindi.

Sikutukana. Sikusema kwamba ina sumu. Sikusema kitu. Niliweka mikono nyuma, nikatazama miguu yangu. Mirindi aliendelea kunyoosha kiganja chake, mpaka chumvi ikaanza kuyeyuka kwa jasho.

"Mumeona," kapita akasema.

Chumvi yake ikamwagwa mtoni. Mchana ule ule ndugu za Mama Furaha walikuja kumchukua dada yao, na yeye akapiga kelele akiita jina la mumewe mpaka walipopotea nyuma ya migomba. Mirindi akaondoka na kikapu kitupu. Hakunitukana. Angenitukana tu, Mungu wangu, ningepata kitu cha kumjibu.

Kabla juma halijaisha, akina mama wake walikuwa mukia wangu. Jeran aliposikia alinipa mkono. "Bila kutukana muntu! Hii njo kazi safi." Akanipandisha cheo, nikawa Mkubwa wa Njia, Masisi.

Masisi nilikaa miaka mingi. Nilikuwa na shati lenye vifungo vyote. Nikawafundisha vijana wangu yale yale: nyamaza tu.

Halafu siku moja sokoni uvumi ukanifikia mimi. Mwanamke mmoja akapaza sauti kwamba chumvi ya Zakaria inafunga tumbo la uzazi. Wauzaji wangu wakafunika makopo. Nikala chumvi mbele ya watu, kiganja kizima kama siku ya kwanza, wakaniangalia tu. "Yeye mwanaume," mmoja akasema, "itamufunga nini?" Niliona kazi yangu yote inakufa, na kila muuzaji aliyekuwa sokoni amenyamaza.

Kwenye safu ya maharagwe akasimama mzee mwembamba, kichwa cheupe. Sikumtambua mpaka alipofika karibu. Mirindi. Alikuwa ameshika mkono wa msichana, nadhani binti yake. Akachota chumvi yangu, akala, akampa na msichana, naye akala. Mirindi akafungua kinywa, watu wote waone.

"Iko chumvi tu," akasema. "Nendeni mukapike."

Watu wakacheka. Wakaanza kununua.

Nilikimbia kutafuta kasiksi, pombe ya ndizi. Nikainywa mbele yake, funda kubwa, kisha nikamnyooshea kibuyu kwa mikono miwili. Nikamuuliza habari za Mama Furaha.

"Walishamuoza kwa mwengine," akasema.

Hakupokea kibuyu. Alikitazama, akanitazama mimi.

"Chumvi yako ninaijua, Zakaria. Wewe njo sikujui."

Akamshika binti yake mkono, akarudi kwenye maharagwe yake. Kibuyu kilibaki mikononi mwangu mpaka soko likaisha.

Niliacha kazi muda si mrefu baada ya hapo. Mukia niliuacha kwa wengine, sikuudai. Sasa vijana mnakuja kuniuliza namna ya kuwashinda wenzenu, na jinsi ya kujibu maneno mabaya ya watu. Mnangoja fundi awape siri ya kazi. Mimi nawaona ninyi, lakini ninachokiona zaidi ni kiganja cha Mirindi, kilivyokuwa kinanyooshwa mbele yangu. Hakuniomba niseme neno. Ilikuwa chumvi tu, na nilikuwa naila kila siku.